Kwa Nini Sikupanga Nyumba Shangani

Kwa miaka sita niliyoishi Dodoma nilizoea kupima maisha kwa nauli. Nyumba yangu ilikuwa Kisasa, ofisi ilikuwa Mtumba, soko nililolipenda lilikuwa Majengo, na kati ya hapo palikuwa na daladala, bodaboda na vumbi. Mji ule ulipangwa upya baada ya kuteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na waliouchora hawakubana nafasi: barabara ni pana, viwanja ni vipana, na mwenda kwa miguu hana pa kujificha jua. Silalamiki, kwa kuwa Dodoma ilinilea vizuri. Lakini mimi ni mhariri wa vitabu, kazi yangu ni ya kukaa kitako kutwa nzima, na daktari aliponishauri nitembee walau nusu saa kila siku nilicheka mbele yake, maana nusu saa ya kutembea kutoka kwangu ilinifikisha kwenye kituo cha mafuta na kiwanja kisichojengwa.

Kwa hiyo nilipopata mkataba wa miaka mitatu Unguja, jambo la kwanza nililoliwaza halikuwa mshahara wala bahari, bali mtaa. Nilijiwekea sharti kwamba mimi na binti yangu wa miaka kumi hatutatoa nauli kwa ajili ya mkate, shule wala kikombe cha kahawa. Sharti la pili lilikuwa gumu kulieleza: nilitaka kukaa mahali ambapo sanaa ni sehemu ya siku ya watu, si kitu cha kwenda kutazama Jumamosi kisha kurudi nyumbani. Rafiki zangu walilielewa sharti la kwanza. La pili waliliona ni anasa ya mtu aliyesoma vitabu vingi mno.

Ushauri haukuchelewa. Mmoja alinisukuma Mbweni, karibu na uwanja wa ndege, kwa kuwa kumetulia na kuna miti. Kumetulia kweli, ila bila gari utatulia nako. Mwingine alinitajia Paje, upande wa mashariki ya kisiwa, ambako vijana wa Ulaya hufanya kazi kwa kompyuta wakitazama maji. Nilikwenda, nikala, nikarudi. Wengi walinitaka Fumba, kwenye nyumba mpya zilizojengwa kwa mpango, na kwa kweli ukiwa kule unaweza kutembea vizuri sana, isipokuwa unatembea ndani ya mradi, na kila unachokihitaji nje ya mradi kiko mwendo wa gari. Nilipokuwa nikirudi mjini siku ile nilikumbuka kwamba Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab, alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, na kwamba kabla ya kuwa Siti tunayemjua alikuwa akitembea kwa miguu hadi mjini kuuza vyungu, akiita wanunuzi kwa sauti ambayo baadaye ilimpeleka Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Nikaona kama yeye aliondoka Fumba kuifuata sanaa mjini, mimi sina sababu ya kuipa mgongo na kwenda huko alikotoka.

Ilibaki Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Unguja. Hapo nilikuwa na uhakika wa mtu ambaye hajawahi kukaa mahali anapopasifia. Mji umeingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, vichochoro vyake havipitiki kwa gari, kuna Ngome Kongwe yenye jukwaa la wazi, kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara kila Februari na tamasha la filamu katikati ya mwaka. Ungeniuliza siku ile ningekuambia nimekwisha kuchagua. Nilipanga chumba cha wageni Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wenye mahoteli mengi, kwa mwezi mmoja, katikati ya Machi, nikamwacha binti yangu kwa mama yangu mdogo, nikaanza kutembea.

Shangani ni pazuri, na sitaki mtu anisome vibaya. Asubuhi na mapema, kabla maduka hayajafunguliwa, milango ya nakshi inaonekana bila nguo za kuuza kuning'inizwa juu yake, na unaweza kusimama mbele ya mmoja ukahesabu maua yaliyochongwa kwenye fremu bila mtu kukuuliza unatoka wapi. Lakini ifikapo saa tatu mtaa wa Gizenga hugeuka ukumbi wa picha, na ukipita mara kumi utagundua kwamba picha ni tano: Wamasai wembamba waliosimama kwa mstari mwekundu, pundamilia, jahazi wakati wa machweo, mwanamke mwenye mtungi kichwani, na ndege na wanyama wa rangi kali kwa mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwaka 1968. Wachoraji wana mkono mzuri. Nilimtazama kijana mmoja akivuta shingo ya twiga kwa pigo moja la brashi, bila kuinua mkono, kwa utulivu wa fundi aliyeifanya kazi hiyo mara elfu. Nikamuuliza kama anaishi karibu.

“Hapa tunakuja kazini tu, mama,” alinijibu. “Kwetu Mwanakwerekwe. Hapa nani ataweza kodi?”

Jibu hilo lilinifungua macho. Baada ya hapo nilianza kuangalia saa moja usiku, na nikaona alichokisema: wauzaji wa picha, wachongaji, wapiga ngoma wa mahotelini, wote wanateremka Darajani kupanda daladala, na mtaa unabaki na wageni, walinzi na paka. Ilikuwa sanaa ya zamu ya mchana. Ningekaa Shangani ningekuwa nalipa kodi ya kutazama mlango wa duka lililofungwa.

Nikahamishia utafiti ndani zaidi, Kiponda, Hurumzi, Mkunazini, Soko Muhogo, na nikautengenezea utaratibu wake. Kila mtaa niliupita mara tatu: baada ya alfajiri, saa saba mchana, na baada ya isha. Alfajiri nilitaka kujua mkate unapatikana wapi. Mchana nilitaka kujua kivuli kiko upande gani, na hapa Mji Mkongwe unaushinda kila mji ninaoujua, kwa sababu nyumba ni ndefu na njia ni nyembamba kiasi kwamba jua hupata nafasi ya kugusa ardhi kwa muda mfupi tu. Usiku nilitaka kujua jambo moja tu, kama mwanamke peke yake anaweza kupita bila kuharakisha hatua. Niligundua kwamba taa si kipimo. Shangani kuna taa nyingi za mahoteli lakini kuna pembe ambazo hazina mtu wa kukujua, ilhali Soko Muhogo, pale Jaws Corner, taa si kali lakini barazani wamejaa wanaume wa makamo wanaokunywa kahawa chungu na kubishana siasa na mpira, na kwa siku ya tatu tu nilipopita mmoja wao aliuliza kwa sauti, bila kunielekezea mimi, yule Mbara wa vitabu ameshapata nyumba au bado. Nilijisikia salama na kukaguliwa kwa wakati mmoja. Nadhani ndiyo maana halisi ya kukaa mtaa unaotembeka: wewe unauona mtaa, na mtaa unakuona.

Kipimo kingine, ambacho namshauri yeyote asikiruke, ni kutembea ukiwa na mzigo. Mtu akiwa mikono mitupu kila mtaa unampendeza. Siku moja nilinunua Darajani nazi nne, fungu la muhogo, kilo mbili za changu na mkungu mdogo wa ndizi, nikavibeba kwa kapu hadi Kiponda kana kwamba narudi kwangu. Ramani ilisema dakika saba. Zilikuwa kumi na tisa, kwa sababu katika uchochoro wenye upana wa mikono miwili iliyonyooshwa niliwapisha wachukuzi wawili wenye mikokoteni, baiskeli tatu, na pikipiki sijui ngapi, kila mara nikijibandika ukutani na kuchafua bega kwa chokaa. Wanaosema Mji Mkongwe hauna magari wanasema kweli, ila hawakutaja pikipiki. Siku ile ile mvua ya masika ilishuka, na maji ya mapaa yote yakakutana njiani, nikafika na samaki wangu nikiwa nimevua viatu.

Nyumba zenyewe zilikuwa darasa. Dalali alinipeleka kwanza ghorofa ya tatu Kiponda, ngazi zikiwa na mwinuko wa kupandia dari.

“Utazizoea, dada yangu,” alisema aliponiona nashika ukuta. “Bibi mwenye nyumba amezipanda mpaka miaka themanini.”

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kama kichochoro kilichoezekwa. Alinieleza sababu, na ni sababu niliyoipenda: dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri hupatikana kwa urefu wa mita tatu hivi, basi chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti uliokibeba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtoto kukaa dirishani miguu yote ikiwa ndani. Ubaridi wake ni neema. Lakini kwenye kona ya dari palikuwa na alama ya maji yenye umbo la ramani, na nilipoigusa chokaa ikabaki vidoleni kama unga. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililokuwa fahari ya mji mzima, iliporomoka, na watu walikufa. Tangu hapo sipiti chini ya roshani ya zamani bila kuinua macho. Kuna mamlaka ya kuuhifadhi mji tangu mwaka 1985, na kwa haki kabisa mpangaji hawezi kuamka akapasua dirisha jipya. Ila uvujaji unamsubiri mwenye nyumba, na mwenye nyumba mara nyingi ni ndugu kumi na mmoja waliotawanyika kati ya Unguja, Maskati na Uingereza. Halafu kulikuwa na meza yangu ya kazi, ya mninga, ambayo isingepita kwenye kona ya ngazi zile hata kwa kusomewa dua.

Malindi, ile ya hapa Mji Mkongwe, nusura inichukue. Ndiko zilikoanzia harakati za Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoundwa mwaka 1905, na asubuhi pana harufu ya samaki na shughuli za bandari ambazo hazimuigizi mtu yeyote. Nilipata vyumba viwili, nikalipa malipo ya mwanzo na ujira wa dalali, nikaanza kufikiria mapazia. Wiki moja baadaye nikaarifiwa kwamba mwenye nyumba ameona bora aigeuze ya kulaza wageni, kwa kuwa wageni hulipa kwa usiku. Kodi nilirudishiwa. Ujira wa dalali nilielezwa kuwa ni jasho la mtu, na jasho halirudi. Tangu siku ile sikulipa kitu bila mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa.

Nilikuwa bado na hasira hiyo jioni moja nikitoka Mnazi Mmoja, baada ya magharibi, niliposikia fidla kutoka ghorofani pale Vuga. Si tumbuizo, mazoezi. Fidla tatu au nne zilirudia kipande kimoja kifupi, na kodiani ikawa inachelewa kuingia, kila mara pale pale. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikahesabu. Walirudia mara saba. Baada ya kila mara sauti ya mzee ilisema, bila ukali, “Tena, tokea mwanzo wa kiitikio,” na mara ya nane kodiani ikaingia inavyotakiwa, na badala ya kupongezana wakaendelea na ubeti wa pili. Ilikuwa Culture Musical Club, klabu ya taarab iliyoanzishwa mwaka 1958. Hapakuwa na kiingilio wala mtazamaji zaidi yangu na muuza karanga. Walipomaliza waliteremka, wengine wakapanda vespa, na wawili wenye mikoba ya fidla wakavuka barabara kwa miguu, wakizungumza mambo ya bei ya saruji, wakapotelea upande wa Kikwajuni.

Sikuwafuata usiku ule. Nilivuka asubuhi yake.

Kikwajuni iko Ng'ambo, na jina hilo la Ng'ambo linabeba historia yake: ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji wa mawe na makazi ya watu wa kawaida, watumwa wa zamani, wachukuzi, mafundi na wahamiaji kutoka bara. Maji yale yalifukiwa, ikabaki barabara ya kupita Darajani, lakini mpaka uliendelea vichwani. Nikiwa na kitabu cha kuwaongoza watalii mkononi nilikuwa nimejifunza kuishia kwenye barabara hiyo, na mimi ni Mtanzania. Baada ya Mapinduzi serikali ilijenga huku maghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yale marefu ya Michenzani, kila moja karibu mita 300, ndiyo yanayojulikana, ila na Kikwajuni yapo, mafupi zaidi, yamechanganyika na nyumba za bati zenye baraza mbele. Hakuna mlango wa nakshi wa kupigia picha. Kuna kamba za nguo, genge la urojo, uwanja ambao watoto hawauachi, na fundi wa redio mwenye kinanda kibovu mezani ambacho aliniambia ni cha mpigaji fulani na kitapona.

Na kulikuwa na kofia. Kwenye baraza tatu za njia moja nilikuta wanawake wakishona kofia za viua, na hapa nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kitambaa cheupe huchorwa kwanza kwa penseli, mistari hafifu kiasi kwamba ukikaa mbali huioni, kisha hutobolewa kitundu kimoja kimoja kwa kijiti chenye ncha, na kila kitundu huzungushiwa uzi hadi kingo zake ziwe ngumu kama ushanga. Kofia moja hula wiki kadhaa, kwa sababu hushonwa kati ya kupika, kuswali na kumpokea mtoto chuoni. Bi mkubwa mmoja alinionyesha yake, akainua kitambaa kuelekea mbinguni ili mwanga upite kwenye vitundu, na nikaona nyota zilizopangika ambazo juu ya meza hazikuonekana kabisa. Kofia hizo hupelekwa dukani upande wa pili wa barabara, na huko huuzwa kwa mgeni asiyejua kwamba baraza iliyozaa kofia yake iko mwendo wa dakika kumi na mbili.

Nilimuuliza kama anajua nyumba. Alimwita mjukuu wake, mjukuu akamwita jirani, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesimama kwenye nyumba ya vyumba vitatu, dari imara, ua wenye mwembe, kodi karibu nusu ya ile ya Kiponda, ikilipwa miezi sita mbele. Dalali hakuwepo. Niliandikiana mkataba, nikapeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, barua yangu ya utambulisho kutoka Dodoma, naye akaisoma yote, neno kwa neno, akaniuliza kama hao wahariri ndio wanaobadilisha maneno ya watu. Nikakiri.

Sasa ni mwaka na miezi. Shule ya binti yangu iko dakika nane kwa miguu, mkate wa boflo dakika mbili, Darajani kumi na mbili, Forodhani ishirini ukiwa huna haraka. Februari iliyopita tulirudi kutoka Ngome Kongwe usiku wa manane tukiwa ndani ya kundi la majirani wanaorudi kwao, mtoto akiwa amelala kwa kusimama. Nimeshakutana na kodiani ile mara nyingi; bado huchelewa. Ubaya upo pia: njia yetu hujaa maji masika, pikipiki zimetufuata hadi huku, spika za harusi hazina saa ya kulala, na jambo langu lolote hujulikana barazani kabla sijaliamua. Umeme huisha katikati ya kuhariri, na nikisema luku dukani, kama tunavyouita bara umeme wa kulipia kabla, wananicheka, kwa kuwa hapa huitwa tukuza. Wenzangu wa ofisini wakija huniuliza hiyo sanaa niliyoifuata iko wapi, maana wameona bati na nguo zilizoanikwa.

Juzi alasiri binti yangu alimpelekea Bi mkubwa karatasi yenye mchoro wa kofia alioutunga mwenyewe, nyota ndani ya nyota, akiwa na hakika ya kusifiwa. Bi aliiweka pajani, akaitazama kwa muda, kisha akaweka kucha yake kati ya vitundu viwili.

“Hapa na hapa pamekaribiana, mwanangu. Ukitoboa kitambaa kitachanika. Kafute hii mistari miwili, urudi nayo kabla ya magharibi.”

Akaondoka mbio kutafuta kifutio.